Barua ya wazi kwa mjomba wangu: kambale asimwagwe katika ziwa letu la kreta

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima pamoja na wote hapo nyumbani, na kwamba migomba na chai vinaendelea vizuri. Nimepata habari kwamba kikundi cha uvuvi cha kijiji, ambacho wewe ni mlezi wake, kimeanza kuchangishana fedha za kununua vifaranga vya kambale ili vimwagwe katika ziwa dogo la kreta, yaani lililojaa katika shimo la volkano ya kale, lililo juu ya mashamba yetu, na kwamba jambo hilo litafikishwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Nasikia pia wapo wanaosema sangara angefaa zaidi, kwa kuwa anakua haraka na ana bei. Naandika hadharani kwa sababu mazungumzo ya namna hii hayako kwenu peke yenu; yanasikika huku na huko Rungwe na Kyela, na ninalokuomba wewe nawaomba wazee wote wenye ziwa au kijito karibu na nyumba zao. Ombi lenyewe ni moja: samaki mla samaki, awe kambale, sangara au mwingine yeyote, asiingizwe katika maji ambayo hajawahi kuwamo.

Naelewa kilichowavutia. Samaki wa ziwa lile ni wadogo, wengi wao hawazidi urefu wa kiganja, na familia yenye watoto wa kusomesha haiwezi kulaumiwa kwa kutamani samaki wa kujaza kikapu. Lakini wale wadogo tunaowaona kama kitoweo cha watoto ni viumbe wa thamani ambayo haipimwi kwa mizani ya sokoni, na baadhi yao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Katika Ziwa Kyungululu, hapo hapo Rungwe, yumo perege ambaye Mjerumani Ernst Ahl alimwandika kitaalamu mwaka 1924, na ambaye makazi yake ya asili ni ziwa hilo moja tu. Leo yumo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini zaidi kutoweka. Katika Ziwa Masoko, lile ambalo wengi huliita Kisiba, watafiti walieleza mwaka 2015 kwamba samaki wa jamii ya furu, ndugu wadogo wa perege, wanagawanyika mbele ya macho yetu kuwa makundi mawili: wanaoishi kwenye maji ya pembeni, ambao madume yao ni ya njano, na wanaoishi chini kwenye kina cha zaidi ya meta 20, ambao madume yao yana rangi ya buluu iliyokoza. Mgawanyiko huo umetokea katika kipindi cha takriban miaka 1,000 iliyopita, ndani ya ziwa ambalo mtu mzima analizunguka kwa miguu asubuhi moja. Wanasayansi huvuka bahari kuja kuliona jambo hilo, nasi tunapita kando yake tukielekea shambani.

Naomba siku moja ukae kimya kwenye ukingo wa ziwa lenu, pale penye majani na maji maangavu, umtazame jike mmoja wa samaki hawa wakati wa kuzaa. Utamwona kidevu kimevimba kama aliyemeza kitu kikubwa, na taya zake zikitikisika taratibu kila baada ya muda mfupi. Ndani ya kinywa kile yamo mayai yake yote, machache tu, na kwa muda wa wiki mbili au tatu anayageuzageuza ili yapate hewa, huku mwenyewe akiwa hali karibu chochote. Watoto wakishaanguliwa na kupata nguvu huwatema kwenye kina kifupi, kila mmoja mdogo kama punje ya mchele wa Kyela, na kivuli cha mdiria kikipita juu ya maji wote hurudi mbio kinywani mwa mama yao. Hiyo ndiyo silaha yao yote. Inafaa sana dhidi ya ndege anayewinda mchana kutoka juu, naye ndiye adui ambaye samaki wa ziwa lile wamemjua tangu enzi.

Kambale anawinda kwa namna nyingine kabisa. Yeye hutoka usiku, hutafuta kwa ndevu zake wala hahitaji mwanga, hupekua matope na mizizi ambamo wadogo hujificha, na maji yakipungukiwa na hewa yeye huja juu akavuta hewa ya kawaida. Jike mmoja mkubwa hutaga maelfu kwa maelfu ya mayai kwa mara moja, ilhali furu wetu hulea watoto wachache kinywani. Mkiweka vifaranga mia, mjomba, hamtakuwa na kambale mia. Mtakuwa na ukoo mzima unaohitaji kula, ndani ya bakuli la maji lisilo na mto wa kuingilia wala wa kutokea, ambamo anayewindwa hana pa kukimbilia. Kambale ni wa asili katika mito na mabwawa mengi ya nchi yetu, na huko simsemi vibaya; katika ziwa ambalo wazee wote mnakubaliana kwamba hakuwahi kuwamo, yeye ni mgeni sawa na samaki aliyetoka ng'ambo. Afrika Kusini wamelionja hilo. Handaki la kupeleka maji kutoka Mto Orange hadi Mto Great Fish lilipofunguliwa mwaka 1975, kambale alipita humo akaingia katika mito ya kusini ambayo haikuwa yake, na hadi leo yumo.

Kuhusu sangara nitasema kwa urefu zaidi, kwa sababu habari zake hapa nchini huwa zinasimuliwa nusu. Sangara hakuwamo katika Ziwa Victoria. Aliingizwa kuanzia miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kwa miaka mingi hakuonekana kuwa tishio, hata waliopinga wakaonekana wamezidisha hofu. Kisha katika miaka ya 1980 aliongezeka ghafla. Furu, waliokuwa na spishi, yaani aina, zipatazo 500 katika ziwa lile na waliokuwa wakijaza nyavu za wavuvi wa Mwanza, walianguka ndani ya miaka michache, na inakadiriwa kwamba spishi zipatazo 200 zilipotea. Si haki kumbebesha sangara mzigo wote: nyavu za kukokota zilichangia, na mbolea na udongo uliotiririka kutoka mashambani viliyafanya maji kuwa mazito na kukosa hewa chini. Ngege na mbiru nao, perege wa asili wa ziwa hilo, walizidiwa na uvuvi na pia na sato, ambaye vilevile aliletwa kutoka nje. Lakini sangara anayeweza kufikia urefu wa meta mbili hufika huko kwa kula, na katika miaka ile chakula chake kilikuwa furu.

Nakubali kwamba sangara alileta viwanda vya minofu, ajira na fedha za kigeni, na aliyejenga nyumba ya bati kwa sangara ana haki ya kumtetea. Hata hivyo ziwa lile ni bahari kwa ukubwa, na mitaji iliyolizunguka haitakuja kwenye ziwa letu la kreta. Mfano wetu wa kweli ni Ziwa Nabugabo la Uganda, ziwa dogo lililotengwa na Ziwa Victoria, ambalo lilikuwa na furu wake wa kipekee. Sangara aliwekwa humo miaka ya 1960, na furu wakatoweka katika sehemu kubwa ya ziwa. Waliosalia walikutwa kwenye kingo zenye mafunjo na katika vijiziwa vya jirani vilivyotenganishwa na kinamasi, kwa sababu sangara hawezi kustahimili maji yenye hewa kidogo ya kinamasi, ilhali wale wadogo wanaweza. Kinamasi ndicho kilichowaokoa. Ziwa la kreta lenye kuta za mawe pande zote halina kinamasi cha kutosha kuwaficha hata wachache.

Upande wa juu wa Mto Kiwira, kwenye maji baridi, Waingereza walipandikiza samaki aina ya trauti wakati wa utawala wao ili wapate mchezo wa kuvua kwa ndoano. Wengi wetu tumemzoea, na watoto wengine wanadhani ni samaki wa asili wa milimani. Ni mla wadudu wa majini, viluwiluwi na samaki wadogo. Katika milima ya Sierra Nevada huko Marekani, maziwa ya juu ambayo kwa asili hayakuwa na samaki yalipowekewa trauti, vyura wa huko walipungua sana, kwa kuwa viluwiluwi wao hukaa majini zaidi ya mwaka kabla ya kugeuka chura. Trauti walipoondolewa kwa nyavu katika baadhi ya maziwa hayo, vyura waliongezeka tena ndani ya miaka michache. Nalitaja jambo hilo nikiwafikiria vyura wa milima ya Rungwe, Poroto na Kitulo, ambao nao wanategemea vijito vile vile. Na usiseme ni vyura tu, mjomba. Yule chura mdogo wa korongo la Kihansi, katika milima ya Udzungwa hapa nchini, aliyegunduliwa mwaka 1996, makazi yake yote hayakuzidi hekta chache kando ya maporomoko. Baada ya mwaka 2004 hakuonekana tena porini, na ilibidi kizazi chake kilelewe Marekani miaka mingi kabla ya kurejeshwa korongoni mwaka 2012. Maadui zake walikuwa wengine, upungufu wa maji na ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu, lakini utaona gharama ya kumrudisha kiumbe ambaye makazi yake ni madogo namna ile.

Kuna kijana wa kikundi aliyeniambia kwamba kambale wakizidi watavuliwa wote. Hawavuliki wote. Wavu hukamata wakubwa na kuacha wadogo, nao wadogo wakabaki na chakula kingi zaidi. Katika Mto Rondegat, Afrika Kusini, walitaka kumwondoa samaki mgeni aina ya besi, na ilibidi maji ya kipande cha kilometa nne hivi yatiwe sumu ya kuua samaki, mwaka 2012 na tena mwaka 2013. Walifanikiwa na samaki wa asili wakarudi, kwa sababu walikuwa wamesalia upande wa juu wa mto, pale ambapo maporomoko yalimzuia yule mgeni. Katika ziwa la kreta hakuna upande wa juu. Sumu itakayomuua kambale itamuua na yule tunayetaka kumnusuru.

Fedha mlizokwisha kuchanga zinaweza kufanya kazi njema. Chimbeni mabwawa bondeni, mbali na ziwa na mbali na mkondo wa mafuriko, mfuge perege wa asili ya mito yetu, na mweke chujio kwenye mfereji wa kutolea maji. Akifugwa kambale, bwawa lake lizungushiwe uzio imara, maana usiku wa mvua huweza kutambaa juu ya majani mabichi akatafuta maji mengine. Kwa ziwa lenyewe, vyandarua na makokoro vikipigwa marufuku, na ile sehemu ya kina kifupi ambako majike hutema watoto ikaachwa bila kuvuliwa katika miezi ya kuzaa, hata hao wadogo watakuwa wengi kuliko sasa.

Kabla ya mkutano, naomba umwite ofisa uvuvi wa halmashauri afike kijijini, na kikundi kipeleke barua kwa watafiti wa TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya nchi yetu, ambao wana kituo pale Kyela, waje wavue kidogo na kutaja ni samaki gani waliomo. Mpaka hapo, fedha ya vifaranga isitolewe. Vijana wanakusikiliza kuliko wanavyomsikiliza mtendaji, na ukisema wasubiri, watasubiri.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi, mpwa wako.