Raya, ukungu huo ni wa nani?

Bweleo, Unguja

Shoga yangu Raya,

Assalaam alaykum. Sisi huku wazima, mama anakusalimu na anauliza karafuu zake zitafika lini. Picha zako za seli ulizozitia kalseini, ile rangi inayowaka kijani ndani ya seli hai, nimezipata na nimezitazama moja moja kwenye kompyuta, si kwenye simu, maana simu inapendezesha kila kitu. Ni kweli usemavyo: seli zipo, lakini zimezama kwenye ukungu wa kijani, na huo ndio unaokuvurugia vipimo.

Umeniuliza kama ununue ile dawa ya kuzima mng'ao. Usinunue bado. Kwanza tujue mwanga huo ni wa nani. Ukipata nafasi piga picha nne kwa chujio la mwanga lile lile, nguvu ya taa ile ile na muda ule ule: sahani tupu, sahani yenye midia (maji ya kulishia seli) peke yake, seli zisizotiwa rangi, kisha seli zenye rangi. Usiiachie kamera ijichagulie muda, wala programu irekebishe weusi na weupe wenyewe, maana hapo zote nne zitafanana na hutajua lolote. Soma namba, usitazame uzuri. Pale namba inaporuka ndipo alipo mwenye mwanga.

Mie nikikisia, naanza na midia. Wekundu wake ule ni fenoli redi, rangi ya kuonyesha uchachu, halafu ndani mna riboflavini, vitamini B2 hii hii ya kwenye maziwa. Ukiimulika kwa buluu inakurudishia kijani cha karibu nanomita 525 (hicho ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi yake), na kalseini yako inang'aa karibu 515. Chujio gani litawatenganisha hao? Hakuna. Basi kabla ya kupiga picha mwaga midia, suuza kwa maji ya chumvi ya Hanks yenye glukosi na HEPES, dawa ya kushikilia uchachu usiyumbe, upige picha humo humo. HEPES usiiruke, kwa sababu nje ya inkubeta, lile kabati la kukuzia seli, hakuna ile kabonidioksidi ya asilimia 5, pH (kiwango cha uchachu) itayumba na seli zitaanza kununa. Kwa saa moja hivi seli nyingi huvumilia. Ukitaka kushinda nazo kutwa, hapo ndipo pa kutoa pesa: midia isiyo na fenoli redi, na seramu, yale maji ya damu yanayotiwa kwenye midia, uipunguze hadi asilimia 1 au 2.

Seramu ina kesi nyengine pia. Rangi yako, kalseini AM, inaingia kwenye seli ikiwa bado haing'ai. Ikishafika ndani, vimeng'enya vya esterasi vinaikata, ndipo inawaka na kunasa humo. Lakini esterasi zimo kwenye seramu vilevile! Ukiitia rangi kwenye midia yenye seramu, nyengine itakatwa nje na kuwaka nje, na mwanga wa nje ndio huo ukungu. Tia rangi kwenye maji yasiyo na seramu, subiri, kisha suuza vizuri.

Na unyevu wetu usiusahau. Rangi hii hata maji matupu huikata polepole. Kichupa kinatoka kwenye friza kina jasho, mtu anakifungua palepale kwa haraka zake, hewa ya masika inaingia na kugeuka maji ndani. Kiache kwenye mfuko wa silika inayonyonya unyevu mpaka baridi ikitoke kabisa, kifute kwa tishu, ndipo ukifungue. Ukishaiyeyusha igawe kwenye vichupa vidogo vya kutumia mara moja. Kuijua kama imeharibika ni rahisi: tia tone kwenye maji ya chumvi bila seli hata moja, uimulike. Ikiwaka hivyo hivyo, itupe, usiihurumie bei yake.

Sahani zako za plastiki nazo hung'aa zenyewe. Kwa hadubini tafuta zenye kioo chini, unene wa milimita 0.17, ndio ambao lenzi nyingi zimetengenezewa. Kwa zile sahani za visima vidogo 96 chukua zenye kuta nyeusi na chini wazi, na mashine ya kupima mwanga isomee chini ikiwa inaweza, ili isipite kwenye maji yote.

Kuongeza taa hakutakusaidia. Ni sawa na kupandisha sauti ya redio yenye mikwaruzo, mwimbaji na mikwaruzo vyote vinapanda. Na juu ya hayo taa kali inaziua seli, na seli iliyokufa haikai na kalseini. Wapo pia wanaosema utoe tu namba ya kisima kitupu kwenye hesabu. Itoe, ni lazima uitoe, lakini unatoa wastani wake tu. Kule kutikisika kwa namba kulikoletwa na mwanga huo kunabaki palepale, na seli hafifu zitaendelea kupotea.

Baada ya yote hayo utabaki na mwanga wa seli zenyewe: NADH karibu 460, flavini karibu 530, vitu vya ndani ya seli vinavyong'aa vyenyewe. Hizo huzisuuzi, seli haiishi bila hizo. Wengi watakushauri ukimbilie rangi nyekundu, 650 na kuendelea, na kwa seli za wanyama wana haki, huko kumetulia. Kwangu mie ninayechungulia seli za mwani, huko ndiko kwenye ngoma. Mwani wetu wa kulima, hata ukiuona wa kijani, ni wa ukoo wa mwani mwekundu. Una rangi zake za kunasia jua: fikoerithrini inayong'aa rangi ya machungwa karibu 578, na klorofili yenye wekundu mzito karibu 680. Nikitia rangi nyekundu sijui ipi yangu ipi yake. Kwa hiyo mie nakimbilia upande wa pili: kalkofluori, rangi ya buluu ya kutia kwenye ukuta wa seli, na nikitumia kijani naweka chujio jembamba la 500 hadi 530, si lile linaloachia kila kitu kuanzia 515 kwenda juu. Halafu kuna raha yake. Kipande kikianza kupauka, kile wanachokikata na kukitupa akina mama wanaolima mwani Paje, wekundu wake hushuka kwa sababu rangi zake zinapotea. Mng'ao niliokuwa nikiufukuza sasa nautumia kupima ugonjwa.

Kwa hiyo usinitumie tena picha ya mwisho peke yake. Nitumie zote nne, faili zenyewe kama zilivyotoka kwenye kamera, na uniandikie chujio lako linaanzia wapi na kuishia wapi. Chujio jembamba tunalo la ziada hapa. Mkuu wa maabara akikubali, nitampa shemeji akija Pemba kwa boti akuletee, na wewe umpe karafuu za mama.

Wako,
Zuwena