Anzeni na mita ya fundi, sindano ije baadaye

Liège

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa baba na mama, na kwa wote hapo nyumbani Katuba, Lubumbashi. Mama ameniambia kwamba wewe na wenzako wa parokia mnataka kuwapima sukari watu wazima wa mtaa, na kwamba mmekwisha kununua bandeleti 100 za mashine, vile vipande vinavyopokea tone la damu. Mia moja hazimalizi hata barabara moja. Kwa hiyo msianze kwa kutoboa vidole. Anzeni na mita ya fundi cherehani, mizani na maswali, mjue kwanza nani anahitaji bandeleti.

Maswali yapo tayari. Ni manane, yalitungwa Ufini, yakatangazwa mwaka 2003 kwa jina la FINDRISC. Umri: miaka 45 hadi 54 ni alama 2, 55 hadi 64 ni 3, zaidi ya hapo 4. Uzito: gawanya kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe; 25 hadi 30 ni alama 1, kupita 30 ni 3. Asiyetembea wala kufanya kazi ya nguvu nusu saa kwa siku, 2. Asiyekula mboga au matunda kila siku, 1. Sombe na lengalenga ni mboga, bukari (ugali) si mboga. Anayekunywa au aliyewahi kupewa dawa za shinikizo la damu, 2. Aliyewahi kuambiwa sukari yake imepanda, hata wakati wa mimba, 5.

Kiuno ndicho kinachokosewa zaidi. Mwanamke 80 hadi 88 sentimita ni alama 3, kupita 88 ni 4. Mwanaume 94 hadi 102 ni 3, kupita 102 ni 4. Msipime pale kikwembe kinapofungwa, wala juu ya koti. Tafuteni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mtu apumue nje kawaida, ndipo msome. Wamama wapimwe na wamama. Mita ya kitambaa iliyozeeka huvutika, ilinganisheni kwanza na rula ya chuma.

Swali la ukoo nalo lina mtego kwetu. Mzazi, ndugu wa tumbo au mtoto mwenye kisukari ni alama 5. Babu, bibi, mjomba, shangazi au binamu ni 3. Lakini sisi baba mdogo ni baba, na mtoto wa shangazi ni ndugu. Ulizeni wazi: “Ni baba aliyekuzaa? Mlizaliwa tumbo moja?” Mkikosea hapo, mtu anapanda ngazi bila sababu.

Mfano: mama wa miaka 52, kilo 82, urefu 1.62, kiuno 96, anatembea kila siku hadi soko, anakula mboga, anakunywa dawa za shinikizo, mama yake mzazi ana kisukari. 2, 3, 4, 2 na 5 ni 16. Kwa hesabu ya Ufini, kati ya watu watatu wa alama 15 hadi 20, mmoja hupata kisukari ndani ya miaka 10. Watu wa Katuba si Wafini, kwa hiyo tumieni alama kupanga foleni tu: kwanza wa 15 na zaidi, kisha wa 12 hadi 14.

Hao ndio wapimwe asubuhi, wakiwa wamekaa muda wa masaa 8 bila chakula, maji tu. Baada ya misa wengi wamekwisha kunywa chai. Wanawe kwa sabuni na wakauke, kwa maana kidole kilichoshika embe hudanganya mashine. Toboa pembeni mwa kidole, usikikamue. Sindano moja kwa mtu mmoja, kisha ndani ya bidoni ngumu. Kopo la bandeleti lifungwe mara moja, lisikae kwenye jua la Oktoba. Kama mashine imepitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tazama inahesabu kwa mmol kwa lita au kwa mg kwa desilita: 7 ya mmol ni 126 ya mg, na namba zangu hapa chini ni za mg.

Kufikia 126 bila kula, mpelekeni hospitali akarudie kwa damu ya mshipa siku nyingine. Msimwambie ana kisukari kwa tone moja. Wa 110 hadi 125 naye aandikwe, arudiwe. Mwenye kiu kali, anayekojoa sana na kukonda, na mashine inaonyesha 200 au zaidi, aende siku hiyohiyo. Wenye SS (ugonjwa wa selimundu), au walioongezewa damu karibuni, wamwambie daktari kabla ya kipimo cha HbA1c, kile cha wastani wa sukari ya miezi michache, kwani kwao hakiaminiki.

Kila jina liwe na mtu wa kumfuata nyumbani ndani ya wiki. Baba aandikwe wa kwanza, hata akikataa. Mwambie ni mimi nimemwomba.

Yaya wako