Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: Watoto Wetu Wanatibiwa kwa Kubahatisha

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni mama wa Kirumba, Mwanza, nauza dagaa pale Mwaloni. Nilinyamaza nikiamini wakubwa wanalijua hili la wadudu wa magonjwa wasiosikia dawa. Lakini wiki iliyopita jirani yangu amezika mtoto mchanga, na majibu ya damu yametoka mtoto akiwa ameshazikwa.

Nayajua majibu hayo. Mwaka jana mwanangu, kabla hajatimiza mwaka, alilazwa na homa. Alichomwa sindano ya antibiotiki, seftriaksoni, kila siku na homa haikushuka. Mishipa ya mikononi ilipokosekana, wakamnyoa nywele upande mmoja, wakachoma kichwani. Damu ilipokuja kuoteshwa maabara, ili ajulikane mdudu na dawa inayomuua, ikarudi karatasi yenye orodha ndefu ya dawa, na mbele ya karibu kila moja herufi R. Nesi akanieleza kwamba hizo zote mdudu hazisikii. Mdudu mwenyewe ni bakteria anaitwa Klebsiella. Iliyobaki ni meropenemu, nikaambiwa nikanunue nje. Mtaji wote wa dagaa uliishia pale. Mwanangu yu hai, namshukuru Mungu, lakini asiye na mtaji afanyeje?

Wizara hili si geni kwake. Watafiti wa hapa hapa Mwanza wamekuwa wakiandika habari za bakteria sugu kwa watoto wachanga kwa zaidi ya miaka kumi. Mlitoa mpango kazi wa taifa wa usugu wa vimelea, yaani wadudu kutosikia dawa, wa 2017 hadi 2022. Ukaisha. Mkatoa mwingine, wa 2023 hadi 2028. Mlituahidi, Mheshimiwa. Inakadiriwa kwamba mwaka 2019 usugu huu uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na mmoja kati ya kila watano alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5.

Halafu ikaja Corona. Azithromaisini, nayo antibiotiki, ilinunuliwa madukani kama njugu, bila cheti, na hakuna aliyezuia. Corona ni kirusi, antibiotiki haikigusi. Shirika la Afya Duniani limesema wagonjwa watatu kati ya wanne waliolazwa kwa Corona walipewa antibiotiki, wakati waliokuwa na bakteria pia ni asilimia 8 tu. Mimi si daktari, ila dawa ikitumiwa ovyo wadudu huizoea, na naamini yale ya wakati ule yanatuulia watoto leo. Labda na antibiotiki za unga wanazonyweshwa kuku zina mchango wake.

Jambo jema tulilolipata wakati ule ni ndoo za koki za kunawia mikono kila mlango. Wadudu hawa husafiri mikononi, kitanda hadi kitanda. Kwenye wodi tuliyolazwa, watoto wawiliwawili kitandani, ndoo ilikuwepo mlangoni, koki imekatika, ndani maganda ya ndizi. Nani aliamua kwamba kunawa kumeisha?

Mengine yasubiri, Mheshimiwa. Naomba kipimo cha kuotesha damu kifike hospitali za wilaya za mkoa huu, na damu ya mtoto ichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza. Mama mmoja wa kisiwani niliyelala naye wodini alivuka ziwa na mtoto mwenye homa kukifuata kipimo hicho mjini. Kileteni. Usinijibu kwamba mchakato unaendelea. Nitajie tarehe, na utaje wilaya itakayoanza.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mama muuza dagaa, Mwaloni Kirumba, Mwanza