Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: Kadi ya Chanjo Inaletwa Shuleni, Nani Anaisoma?

Mheshimiwa Waziri,

KUH: CHANJO ZA UTOTONI KUWA SHARTI LA KUANDIKISHWA KATIKA SHULE ZA UMMA

Kwa heshima na taadhima naomba kurejea mada iliyotajwa hapo juu, yaani kanuni uliyotuahidi kuisaini, ambayo si ngeni mezani kwako. Nimekwisha kukuandikia kwa njia ya kawaida, na kila mara nimejibiwa kwa adabu kubwa kwamba barua yangu imepokelewa na inafanyiwa kazi. Kwamba imepokelewa sina shaka. Ninayoitilia shaka ni hiyo kazi, na ndiyo sababu safari hii nimeona niandike mahali ambapo wazazi wenzangu nao watasoma.

Kilichonishinda kunyamaza ni surua iliyoingia katika darasa la binti yangu muhula huu. Binti yangu anatibiwa saratani ya damu. Mtoto aliye katika matibabu ya namna hiyo hapewi chanjo ya surua, kwa kuwa imetengenezwa kwa kirusi hai kilichodhoofishwa, na mwili ulioishiwa kinga unaweza kushindwa hata na hicho kilichodhoofishwa. Kuhusu dozi alizopata kabla hajaugua, madaktari walitueleza mapema kwamba tusizitegemee, kwa sababu dawa za saratani zinaweza kuifuta kinga ya zamani. Ngao iliyobaki kwake, kwa hiyo, ni afya ya wale wanaokaa naye darasani.

Siku tuliyoarifiwa, daktari wake hakutaka maelezo marefu. Aliuliza jambo moja: mtoto aliyeugua alikaa darasani kwa mara ya mwisho siku gani? Sindano ya kingamwili, yaani protini za mwili zinazopambana na ugonjwa, ambayo ingeweza kumwokoa binti yangu hufaa ikiwa itadungwa ndani ya siku 6 tangu akutane na ugonjwa, na nje ya hapo hakuna wa kukuahidi lolote. Mwalimu wa darasa akafungua daftari la mahudhurio juu ya meza, akaitembeza kalamu yake kwenye mstari wa jina la yule mtoto, alama moja baada ya nyingine, mpaka alama zilipokoma, nasi tukaanza kuhesabu tukirudi nyuma. Tuliwahi. Lakini naomba ufahamu, Mheshimiwa, kwamba uhai wa mwanafunzi wa shule yako ulitegemea kama mwalimu alijaza daftari asubuhi ile au alisahau.

Nilipoomba kuona faili la kadi za chanjo za darasa lile, nililetewa bila kinyongo. Nilikuta nakala za kurasa za mbele tu, zenye jina la mtoto na tarehe ya kuzaliwa, bila ukurasa wa chanjo wenyewe. Nilikuta kadi ambazo safu ya surua ilikuwa tupu kabisa, na zimegongwa mhuri wa shule kana kwamba mambo yote ni sawa. Wengine hawakuwa na karatasi yoyote. Simlaumu mwalimu mkuu, maana waraka wa wizara yako unamtaka mzazi aje na kadi siku ya kuandikisha, basi. Hausemi nani ataisoma, wala nini kifanyike ikiwa haina kitu. Shule imetii waraka huo kikamilifu, na surua imeingia ikiwa na vibali vyote.

Baada ya hapo uongozi wa shule ulinishauri, kwa huruma ya kweli, kwamba binti yangu abaki nyumbani kwa usalama wake mpaka hali itulie. Hapa ndipo penye kiini cha barua hii. Umesema mara nyingi, na wasaidizi wako wamekariri, kwamba serikali haitamfungia mlango mtoto yeyote kwa sababu ya chanjo. Ni kauli nzuri, na ikisemwa jukwaani hupigiwa makofi. Lakini mtoto aliyefungiwa mlango tayari yupo, Mheshimiwa, naye ni wangu. Hakugoma chanjo, anaililia. Wale ambao wazazi wao waliamua wasichanjwe, wakiwa na afya zao na zahanati wanazifahamu, wanaendelea na masomo, huku yeye akinakili kazi za darasa kutoka kwenye daftari la rafiki yake. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba mjadala ni kati ya kufukuza na kutofukuza. Kuna mtoto anayebaki nje kwa vyovyote vile, na wizara kwa kukaa kimya imekwisha kuchagua nani.

Jibu nililopewa na mmoja wa maofisa wako ni kwamba shule zimeagizwa kumrudisha nyumbani kila mwanafunzi atakayeonekana na vipele. Ningefurahi kama surua ingekuwa na staha ya kusubiri vipele. Mgonjwa huanza kuambukiza siku 4 hivi kabla vipele havijatoka, wakati ambapo mzazi na mwalimu wanaona mafua, kikohozi na macho mekundu tu. Kirusi chake kinaweza kubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Katika watu wasio na kinga, mgonjwa mmoja hukadiriwa kuambukiza wengine 12 hadi 18. Ndiyo maana wataalamu wanataka takriban watu 95 katika kila 100 wawe na kinga ili ugonjwa ukose pa kupita, na ndiyo maana takwimu za wastani wa taifa mnazotusomea hazinitulizi hata kidogo. Kirusi hakiambukizi wastani. Kinaambukiza darasa hili, lenye madirisha haya, ambalo watoto wake wasiochanjwa wamekusanyika pamoja kwa sababu wazazi wao wanafahamiana na kusikilizana.

Nimeambiwa pia kwamba surua ni ugonjwa wa kawaida wa utotoni na kwamba zamani kila mtu aliugua. Ni kweli, zamani kila mtu aliugua, na kabla ya chanjo kuanza kutumika mwaka 1963, Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba surua iliua watu wapatao milioni 2.6 kila mwaka. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui: utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwapima watoto ambao hawakuwa wamechanjwa, kabla na baada ya kuugua, ukaonyesha kwamba surua iliwafutia kati ya asilimia 11 na 73 ya kingamwili walizokuwa nazo dhidi ya magonjwa mengine. Mtoto anapona vipele, kisha anaingia katika miezi ya homa na nimonia ambazo mwili wake ulikwisha kuzijua. Hayo hayahesabiwi katika ripoti za mlipuko.

Kuhusu dai kwamba chanjo ya surua huleta usonji, ambalo bado linatajwa katika mikutano ya wazazi kama hoja mpya, nitapita haraka. Makala iliyoanzisha hofu hiyo mwaka 1998 ilihusu watoto 12. Jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na mwandishi wake mkuu, Andrew Wakefield, akafutwa katika orodha ya madaktari wa Uingereza mwaka huohuo. Utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000 haukuona uhusiano wowote. Wizara inayoshindwa kuyasema haya kwa sauti, ikajifunika kwa maneno kama "tunaheshimu maoni tofauti", inauma na kupuliza.

Hoja ya uhuru wa mzazi naiheshimu zaidi, na sitaki kuifanyia mzaha. Kumchoma mtoto wa mtu sindano kwa nguvu ni jambo ambalo hata mimi ningelipinga. Lakini sharti la shule si hilo, na mahakama zimelipima jambo hili kabla yetu. Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali mwaka 1922, katika kesi iliyotoka San Antonio, kwamba mji unaweza kumzuia mwanafunzi asiyechanjwa kuingia shule. Mwaka 2021 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kesi ya wazazi wa Jamhuri ya Cheki, ambao mmoja wao alitozwa faini na watoto wa wengine wakanyimwa nafasi katika shule za awali. Majaji 16 kati ya 17 walisema haki zao hazikuvunjwa. Italia tangu 2017 haipokei katika shule za awali mtoto asiye na chanjo 10 zilizotajwa na sheria, ila mtoto mwenye umri wa shule ya lazima anaingia na mzazi ndiye anayetozwa faini. Ujerumani nayo, tangu Machi 2020, inaweza kumtoza mzazi hadi yuro 2,500 kwa ajili ya surua, huku mtoto akiendelea na masomo. Njia zipo, na nyingine hazimgusi mtoto kabisa. Mnaoajiri wanasheria ni ninyi. Sioni kwa nini mzazi ndiye awatafutie mifano.

Wala sitaki sheria ya kukomoa. Pepopunda, kwa mfano, haitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, kwa hiyo hoja yangu ya kumlinda aliye dawati la jirani haiihusu, na mzazi anayeuliza kwa nini shule imbane kwa ajili ya ugonjwa huo anauliza swali la haki. Anzeni na surua. Wekeni msamaha wa kitabibu kwa watoto kama wangu, lakini uwe na macho. California ilipofuta mwaka 2015 msamaha wa imani binafsi, baada ya mlipuko wa surua ulioanzia Disneyland, bustani ya burudani ya watoto, idadi ya vyeti vya daktari ilipanda, mpaka mwaka 2019 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kuvikagua. Mlango mmoja ukifungwa, watu hutafuta dirisha.

Na yupo mzazi ambaye hakukataa chochote. Alihama, kadi ikapotea, au alifika kliniki akaambiwa chanjo zimekwisha, arudi wiki ijayo, na wiki ijayo alikuwa kibaruani. Mtoto wa mzazi huyu asirudishwe nyumbani hata siku moja. Muuguzi aje shuleni siku za kuandikisha akiwa na sanduku lake la baridi, asome kadi mwenyewe, achanje papo hapo kwa ridhaa ya mzazi, na anayehitaji dozi ya pili apewe tarehe yake. Sharti lisilo na muuguzi nyuma yake ni adhabu kwa maskini, na nitakuwa wa kwanza kulipinga.

Mnasema mnaogopa kuvunja imani ya wananchi. Imani huvunjwa na mengi. Samoa mwaka 2018 watoto wachanga wawili walifariki kwa sababu wauguzi walichanganya chanjo na dawa isiyo yake; chanjo ikasitishwa kwa miezi, watu wakaingiwa na hofu, idadi ya waliochanjwa ikaporomoka. Mwaka uliofuata surua ilifika na kuua watu 83, wengi wao wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Ndipo ikatangazwa hali ya dharura, shule zikafungwa, chanjo ikafanywa lazima, na familia zikatakiwa kutundika kitambaa chekundu mbele ya nyumba ili timu za afya zijue ni wapi kuna mtu asiyechanjwa. Sharti lilikuja vilevile, Mheshimiwa. Lilikuja baada ya mazishi.

Kwa nini basi kanuni uliyotuahidi haijatoka? Sina nafasi ya kuingia ofisini mwako, kwa hiyo nakisia. Pengine ni danadana kati yako na mwenzako wa Afya, yeye akisema shule ni zako na wewe ukisema sindano ni zake. Pengine wazazi wanaopinga wana sauti kubwa na hukutana na wabunge wao, na sisi wenye watoto wagonjwa jioni tunakuwa wodini. Pengine ni uchaguzi. Uliahidi mbele ya wazazi, mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba rasimu imekamilika na inasubiri saini tu. Tuliambiwa mvumilivu hula mbivu. Tumevumilia mpaka hilo embe limeoza mtini.

Sikuombi fedha, kamati wala kikao cha wadau. Naomba usaini kanuni ile. Ikiwa ina vipengele vinavyokutia hofu, vitoe vyote, ubakize kimoja: hakuna mwanafunzi mpya atakayeandikishwa katika shule ya umma kabla mtu mwenye ujuzi hajaisoma kadi yake na kuchukua hatua kwa kile kilichokosekana. Hata faini uiache. Uisaini tu kabla ya uandikishaji ujao kuanza, kwa sababu madaktari wanatarajia binti yangu arudi darasani wakati huo, na sitaki nianze tena kuulizia daftari la mahudhurio. Na ikiwa umeamua kutosaini, niandikie hivyo, kwa maandishi na kwa jina lako, ili nijue kwamba kubaki kwake nyumbani ni sera.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa shule ya umma

Nakala: Mheshimiwa Waziri wa Afya, ili safari hii asiseme kwamba barua iko kwako.