Mashabiki wabaki jukwaani

Mhariri,

Nafuatilia mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani kwa miaka mingi, na kelele za majukwaani sina ugomvi nazo. Vyuo vya Duke na North Carolina vimetenganishwa na kilomita 16 hivi. Majirani wa namna hiyo lazima watambiane. Mchezaji akisimama kurusha mitupo huru, jukwaa zima nyuma ya goli likamzomea na kumpungia mikono, hewala, huo ndio utamu wenyewe.

Kinachonikera ni mashabiki kuvamia uwanja mechi inapoisha. Januari 2024, Caitlin Clark wa Iowa alikuwa akikimbilia vyumbani baada ya kufungwa na Ohio State, akagongana na shabiki aliyeingia mbio, akaanguka chini. Mwezi uliofuata ikawa zamu ya Kyle Filipowski wa Duke, aliyeumizwa katika uvamizi kama huo kwenye uwanja wa chuo cha Wake Forest, akatoka uwanjani ameshikiliwa na wenzake.

Aliyeshinda ashangilie, lakini aliyefungwa naye aachiwe njia. Panapotozwa faini hulipa chuo, si yule kijana anayejirekodi kwa simu katikati ya uwanja (na wanajirekodi kweli!). Kwa nini basi asinyang'anywe tiketi za msimu mzima?

Msomaji wenu