Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2025

Ndugu wanachama, mawakili wenzangu wa mashtaka, mbukwenyi.

Mtunza hazina atawasomea hesabu zake, na katibu ana orodha ya mahudhurio ambayo baadhi yetu hatutaifurahia. Mimi nitazungumzia jambo moja lililotusumbua karibu kila Jumamosi tuliyokutana: kesi za vipigo vya nyumbani zinazoanza na jalada nene na kuishia kwa shahidi mmoja anayesema aliteleza bafuni.

Nianze na kosa langu mwenyewe, ili nisionekane nawanyooshea vidole. Mwezi Machi, katika mahakama moja ya kanda yetu ambayo siitaji, nilikuwa na shauri la kujeruhi. Mke alivunjwa mkono wa kushoto kwa mchi. Mchi ulikuwepo, umefungwa lebo kwa kipande cha kamba ya katani. PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza tabibu, ilikuwepo. Maelezo ya mlalamikaji yalikuwepo, kurasa tatu, kila ukurasa na dole gumba lake. Nikajiona nimekamilika. Sikuita jirani hata mmoja.

Asubuhi ya kusikilizwa nilimkuta mama yule kwenye benchi la nje, amekaa upande wa ndugu wa mume, kapu la chakula liko miguuni. Alimletea mshtakiwa ugali wa uwele na mlenda, maana mtu wake alikosa wadhamini na alikuwa akitokea mahabusu. Mkono ule ule uliovunjika, hogo limeshatolewa, ndio ulioinua kapu tulipoitwa ndani. Hapo ningepaswa kushtuka. Sikushtuka.

Alipopanda kizimbani akasema hataki kumshuhudia mumewe. Nikasimama na sheria yangu: kwa kawaida mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mume, lakini kosa linapomgusa mwili yeye mwenyewe, analazimika. Hakimu akakubali, akamfafanulia. Hoja nimeshinda. Mama akaapa, akaniangalia usoni, akasema aliteleza bafuni akaangukia ndoo. Nikaomba ruhusa ya kumhoji kama shahidi aliyegeuka, nikamwonyesha maelezo yake ya polisi. Akasema dole gumba ni lake, maneno si yake. Mshtakiwa akaachiwa huru.

Kwenye korido mama alinifuata mwenyewe. "Dada, usinichukie. Zabibu ziko shambani na mnunuzi anamjua yeye. Akifungwa, wewe utakuja kuvuna? Mimi nilitaka aache kunipiga, sikutaka afungwe." Nikaanza kumweleza habari za afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia la polisi, nikajisikia naongea kama bango la barabarani.

Nimelirudia shauri hilo kichwani mara nyingi. Kumlazimisha kulikuwa halali. Kulikuwa pia uvivu wangu: nilimbebesha yeye peke yake mzigo wa kesi ambayo ni ya Jamhuri.

Tukubali kwanza zana tulizonazo. Waganda wana sheria yao ya ukatili wa nyumbani tangu 2010, Wakenya tangu 2015. Huko mtu anaweza kuomba amri ya kumzuia mwenzake asimsogelee, bila kwanza kuzungumzia jela. Sisi hatuna sheria mahususi ya namna hiyo. Tuna Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo kwayo kipigo cha chumbani na cha kilabuni ni kitu kimoja: shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, kujeruhi, na mbele zaidi mauaji. Sheria ya Ndoa ya 1971, kwenye kile kifungu tulichokizoea kama cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, mila iseme isemavyo. Lakini kifungu hicho hakikuweka adhabu pale pale. Imepita zaidi ya miaka hamsini, na bado mshtakiwa anamwambia hakimu bila kupepesa macho, "Nilikuwa namrudi tu." Amri ya kuzuia usumbufu iliyomo kwenye Sheria ya Ndoa inamfaa aliyekwisha kufungua shauri la ndoa. Mke anayetaka kubaki kwake, ila asipigwe, haimfikii.

(Nasema "tulichokizoea" kwa makusudi. Tangu Toleo la Urekebu la sheria zetu la 2023 lianze kutumika Julai mwaka huu, namba nyingi za vifungu zimehama, hasa kwenye sheria za ushahidi na mwenendo wa jinai tunazozitumia kila siku. Wazee wa kazi mnaotaja vifungu kwa kichwa, tafadhali fungueni kitabu kabla ya kusimama. Mmoja wetu amekwisha kusahihishwa na karani.)

Kikao kilichokuwa na faida kuliko vyote ni kile tulichokaa na matabibu. Kijana mmoja wa kituo cha afya alituuliza, "Nyie mnataka niandike nini kwenye PF3?" Tukacheka, kisha tukanyamaza, maana wakili hawezi kumjibu tabibu "andika hivi". Tulichomwambia ni kwamba aandike alichokiona: jeraha liko wapi, lina sentimita ngapi, ni jipya au la zamani, mgonjwa mwenyewe alisema limetokana na nini. PF3 nyingi zinazotufikia zina neno moja, "amevimba", na chini yake jina la dawa ya maumivu. Ukipata karatasi ya namna hiyo unashuka mpaka shambulio la kawaida, na kwenye shambulio la kawaida sheria inamruhusu hakimu kuhimiza mapatano. Mapatano yenyewe tunayajua: mbuzi mmoja, maneno ya pole kwa baba mkwe, kila mtu anarudi kwake. Mke aliulizwa lini? Taya lililovunjika linaishia kwenye mbuzi kwa sababu ya neno moja la tabibu aliyechoka saa nane usiku.

Upande wetu nako si kusafi. Mahakama ya Rufani ilishaeleza tangu 2003 kwamba kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe mahakamani. Bado tunapoteza PF3 kwenye rufaa kwa sababu wakili alikuwa na haraka akaketi bila kuisoma. Na mshtakiwa lazima aelezwe haki yake ya kutaka tabibu aitwe ahojiwe. Hakimu akisahau, mkumbushe. Hutaonekana unamfundisha kazi. Hali kadhalika mtoto mdogo anayetoa ushahidi bila kiapo: ahadi yake ya kusema kweli na kutosema uongo iandikwe kabla hajaanza, kwa maneno yake mwenyewe. Kesi hizi mtoto ndiye mara nyingi aliyekuwepo chumbani. Ushahidi wake ukifutwa kwa kukosa sentensi moja, umefuta macho pekee yaliyoona.

Sasa nisimulie shauri la mwenzetu, aliyeniruhusu bila kutajwa. Naye mlalamikaji alimgeuka, karibu maneno yale yale ya bafuni. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na mwenyekiti wa kitongoji. Mzee huyo ana daftari kubwa la kaunta, jalada limeshikiliwa kwa gundi ya karatasi, anaandika kila kitu: michango ya madarasa, mbuzi waliopotea, mgeni aliyelala kwa nani. Humo ndani, katikati ya mbuzi na michango, mara nne ameandika tarehe, saa, na kwamba mama fulani alikuja akikimbia, mara ya pili "bila kiatu kimoja, damu sikioni". Mzee alizungumza Kigogo kupitia mkalimani, polepole, akitaja alichokiona yeye na si alichoambiwa. Wakili wa utetezi alimuuliza kwa nini anaandika mambo ya ndani ya watu. Akajibu kwamba yaliyomfikia mlangoni kwake si ya ndani tena. Jirani akafuata, kisha tabibu. Mshtakiwa alitiwa hatiani, na hakuna aliyemlazimisha mke kusema neno ambalo hakutaka kulisema.

Kutokana na shauri hilo mmoja wenu alipendekeza chama kinunue madaftari tuwagawie wenyeviti wa vitongoji. Wazo zuri kwa moyo, baya kwa kazi. Leo unampa mtu daftari, kesho ni shahidi wako, na utetezi utauliza daftari limetoka wapi. Tulilikataa. Kwa sababu hiyo hiyo tulikataa mfuko wa nauli za mashahidi, ingawa mimi nilikuwa upande wa kuunga mkono na bado roho inaniuma. Shahidi wa kutoka vijiji vya ndani vya Chemba au Mpwapwa analala njiani, posho inachelewa, akirudi mara ya tatu bila kusikilizwa hatakuja ya nne. Lakini swali "nani alikulipia nauli?" lingeiua kesi haraka kuliko ahirisho. Tulichokubaliana ni kidogo zaidi: tuombe mahakama ipange mashahidi wa kijiji kimoja siku moja, na tarehe ziangaliwe na siku ya mnada, siku ambayo magari yanapita. Mahakimu wawili wamekwisha kutusikiliza kwa hilo.

Jambo jingine ni adhabu. Yule mama wa korido alinisomea kasoro ya kazi yetu kwa sentensi moja. Tunasimama kila mara tukiomba adhabu kali iwe fundisho, kana kwamba tuna wimbo mmoja. Kujeruhi kuna kifungo kisichozidi miaka saba, na wapo wanaostahili yote saba, sina huruma nao. Ila kwa makosa madogo zaidi sheria ina fidia kwa aliyeumizwa, ina kuachiwa kwa masharti, ina huduma kwa jamii kwa vifungo visivyozidi miaka mitatu. Kabla ya hapo ina masharti ya dhamana ambayo hatuyaombi ipasavyo: asilale nyumba ile, asimfuate sokoni, asitume dada yake kwenda kubembeleza. Mwanamke akijua kwamba kusema kweli hakumaanishi shamba kulala pori, huenda atasema. Nimeona mara chache, lakini nimeona.

Nina ombi dogo la lugha. Tuache kuandika "wivu wa mapenzi" kwenye maelezo ya kesi za mauaji, kama vile magazeti yanavyoandika. Mtu aliyemfuata mkewe aliyemkimbia mpaka kwa wazazi wake, panga likiwa kwenye mfuko wa salfeti, hakuwa na mapenzi. Alikuwa na panga na safari ndefu ya kufikiria. Neno hilo linamwandalia utetezi wa hasira ya ghafla kabla hajaufikiria mwenyewe.

Takwimu za utafiti wa kitaifa wa afya zinasema wanawake wa miaka 15 hadi 49 waliowahi kupigwa tangu wafikie umri wa miaka 15 walikuwa asilimia 40 mwaka 2015/16, na 27 mwaka 2022. Naziamini. Nazitaja kwa sababu kila mkutano kuna anayesema hali inazidi kuwa mbaya kwa kuwa majalada yameongezeka. Majalada yanaongezeka pale watu wanapoijua njia ya Dawati.

Kuhusu sisi wenyewe, sitasema mengi. Mwaka huu wanachama watatu waliniomba wapumzishwe kesi hizi kwa muda, na wawili wao ni wanaume, niseme hivyo kwa wanaodhani ni udhaifu wa akina dada. Mmoja aliniambia akifika nyumbani anakaa kwenye gari nusu saa ndipo aingie ndani. Tulipanga kumwalika mtaalamu wa ushauri nasaha. Hakualikwa, na kosa ni langu, niliahirisha mara mbili kwa ajili ya vikao vya kazi. Safari ya Mpwapwa nayo haikufanyika kwa sababu ya fedha, mtunza hazina ataeleza. Kundi letu la WhatsApp linafanya kazi vizuri kuanzia saa tatu usiku, kwa vichekesho.

La mwisho linahusu lile jalada la Machi. Mwezi Novemba limeingia jipya, mama yule yule, mume yule yule, tukio jingine. Nimelikabidhi kwa mwenzangu kwa sababu sitaki anione tena pale mbele. Orodha ya mashahidi ina watu sita, na mama ni wa sita. Limepangwa kusikilizwa Februari. Shauri liko mahakamani, zaidi ya hapo sisemi. Karibu mtunza hazina.