Barua kwa Kadzo: njoo umwone Mama

Malindi, Septemba 2025

Shoga yangu Kadzo,

Salamu nyingi. Huku tu wazima. Watoto wamefungua shule, Baba Baraka goti linamsumbua lakini anatembea, upepo wa kusi umeanza kulegea na wavuvi wanangoja bahari itulie. Salamu zitoshe hapo, maana kuna jambo.

Jumamosi nilikwenda Ganze kumpelekea Mama dawa zake za presha. Nilipofungua kopo nimtilie mpya, nikakuta za mwezi uliopita zimo vile vile, hazijaguswa. Nikamuuliza. Akanijibu kwa upole wake ule ule: "Mwanangu, dawa za nini, na wakati wenyewe ndio huu?" Kisha akanionyesha simu. Kuna mhubiri anamsikiliza alfajiri na usiku, anayetaja matukio ya nchi, moja baada ya jingine, na kuyawekea aya za Biblia. Mama anafunga naye Jumatano hadi Ijumaa, hata maji hanywi. Na wale mbuzi wawili weupe hawapo. Sikuuliza pesa zimekwenda wapi, naye hakusema.

Najua umenihesabia kimya changu. Ujumbe wako wa Agosti, siku makaburi ya Kwa Binzaro yalipoanza kufukuliwa, niliusoma dakika ile ile ulipoingia. "Haya, watu wako wa siku za mwisho wameanza tena." Neno "watu wako" lilinichoma, Kadzo. Nilianza kukujibu mara tatu nikafuta. Zaidi ya miili 30 imetoka kwenye udongo ule, ndani ya ranchi ile ile ya Chakama, miaka miwili tu baada ya wafuasi wa mhubiri mmoja kufunga hadi kufa kwenye msitu wa Shakahola, na wewe ukaona nafasi ya kunipiga kijembe. Nilikasirika. Lakini Jumamosi nikiwa kwenye matatu narudi, hasira ilikwisha ikabaki hofu, na hofu hii siwezi kuibeba peke yangu. Mama ni wako kabla hajawa wangu.

Acha nikueleze kwa nini lile kopo lilinitetemesha. Mwaka 2023, Aprili na Mei, kanisa letu lilitupanga zamu ya kupeleka chai na mahamri hospitalini, kwa jamaa waliokuwa wakingoja habari za watu wao. Unakumbuka nilivyokuwa nikikupigia usiku siwezi kulala. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeketi juu ya kipande cha boksi karibu na meza ya Msalaba Mwekundu, anangoja zamu yake ya kutoa sampuli ya DNA. Alikuwa anamtafuta binti yake na wajukuu watatu. Alinisimulia polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Kwanza binti aliacha kumpeleka mtoto kliniki. Baadaye akawatoa wakubwa shule. Akaikataa Huduma Namba, ile namba ya kitambulisho ya serikali, kwamba ni chapa ya mnyama. Akauza kiwanja. Halafu akahamia msituni. Njaa, mzee akaniambia, ilikuja mwisho kabisa, na sisi wote tulianza kushtuka kwenye njaa.

Miili zaidi ya 400 ilitolewa Shakahola, na jamaa wa kwanza walikabidhiwa watu wao Machi 2024, karibu mwaka mzima baadaye. Mzee yule sikumwona tena. Na sasa naona kopo la dawa Ganze. Unanielewa?

Hapa najua utasema: si ndiyo hayo niliyokuwa nikikwambia. Basi nisikilize mpaka mwisho.

Mimi naamini Bwana atarudi. Nalikiri kila Jumapili na sisemi kwa mazoea. Ila nimejiuliza sana mwaka huu, mtu anaposema "hizi ni siku za mwisho" anasema nini hasa. Nikawakumbuka wale akina mama wa pale hospitalini, waliokuwa wakiimba usiku nje ya chumba cha maiti. Walilitaja neno hilo hilo. Kwao kilikuwa kilio. Ni kama kusema: hili halibebeki, Mungu njoo. Hakuna aliyeuza mbuzi kwa sababu ya kulia hivyo, hakuna aliyemtoa mtoto shule. Halafu kuna yule anayelitumia neno hilo kama hesabu, akajumlisha nzige wa 2020, korona, ukame, mafuriko, kisha akamwambia mjane wa Ganze jumla imefika ngapi na yeye afanye nini na mifugo yake. Maneno yanafanana, Kadzo, ndiyo maana ukiwa mbali unaona watu wamoja. Mimi nimekaa katikati yao nakwambia si wamoja.

Lakini sitajitoa. Nami nimewahi kuifanya hesabu hiyo. Mafuriko ya Mai Mahiu yalipotokea, usiku ule wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, ulinipigia asubuhi sauti imekukauka. Ukaniambia karavati la reli, ile njia ya maji chini ya tuta, liliziba, maji yakakusanyika nyuma ya tuta, tuta likapasuka watu wamelala. "Hapa hakuna Ufunuo, hapa kuna karavati." Nikakujibu kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli, nikajiona nimejibu vizuri. Shule zilipofunguliwa baada ya mafuriko, nikasimama mbele ya Gredi ya Sita nikawaambia dunia inafikia ukingoni, tumrudie Mungu. Msichana mmoja, mwerevu sana, akainua mkono: "Mwalimu, kwa hiyo mtihani wa mwisho wa mwaka tujisumbue nao?" Aliuliza kwa dhati. Nilimtazama nikaona yule binti wa mzee. Sijalitaja tena neno hilo darasani.

Kuna jingine ambalo sijawahi kukwambia. Tulipomzika binamu yako baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, mwaka 2015, yule mhubiri alifungua Mathayo 24 na kutuambia waombolezaji tufurahi, kwa kuwa dalili zinatimia. Watu 148 wameuawa, wengi wao wanafunzi, mama yake amelala chini hawezi kusimama, na sisi tunaambiwa tufurahi. Uliondoka ukaenda kukaa nyuma ya jiko, na tangu siku ile hukuingia kanisani. Mimi nilikuwa nimeitikia amina, Kadzo. Niliitikia kwa sauti, labda ulinisikia. Nilikuwa sijui la kufanya na msiba mkubwa kiasi kile, na amina ilikuwa karibu. Nisamehe. Nimechelewa miaka kumi.

Siku hizi nikisoma habari ya mnara wa Siloamu, kwenye Luka 13, nakukumbuka wewe. Mnara uliwaangukia watu 18, Yesu akawauliza waliokuwapo kama wanadhani wale walikuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Akajibu mwenyewe kwamba sivyo. Hakuwapa hesabu, hakuwaambia tukio hilo ni la ngapi kabla ya mwisho. Mhubiri yule angeisoma hiyo siku ya maziko, pengine ungebaki umeketi nasi.

Na wewe pia nina neno nawe. Juni mwaka jana ulinitumia sauti ya dakika nne, unalia, unasema nchi hii imekwisha, haina haja mtu kupiga kura wala kulipa kodi wala kuzaa. Nilipoisikiliza mara ya pili nikaona ni kama dada yake Mama anayezungumza. Humwamini Mungu, sawa, lakini kukata tamaa kule ni kule kule, umekuvika nguo nyingine. Kuhusu Shakahola uko sahihi, mhubiri yule alikuwa ameshakamatwa zaidi ya mara moja akaachiliwa kwa dhamana, watu wa vijijini walisema na hawakusikizwa kwa wakati. Sasa ikiwa nchi imekwisha, nani atawauliza waliopaswa kusikia? Nani atalizibua karavati? Nataka uendelee kuuliza. Unauliza vizuri kuliko mimi.

Siku ile ya Mei 10, tuliyopewa mapumziko ya kupanda miti kwa ajili ya waliokufa kwenye mafuriko, nilimkuta jirani yetu Bi. Zuhura peke yake karibu na kisima, anachimbia mwarobaini, matope hadi kwenye viwiko. Nikamtania, si unasema dalili za Kiyama zimejaa? Akaniambia Mtume amefundisha kwamba Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda aupande. Akaendelea kuchimba. Mti ule sasa unanifika begani.

Basi kuhusu Mama. Njoo, tafadhali, na usije na mjadala. Ukimcheka atajifungia na simu yake, na mhubiri ameshamwambia kwamba watoto wake watamcheka, kwa hiyo utakuwa umemtimizia unabii. Usimwambie hakuna Mungu. Mwambie unamtaka aione harusi ya Dama. Nimemwomba pasta wetu, yule mzee mpole, aje Ijumaa jioni amfunguze mfungo kwa uji, wakae, wasome pamoja. Mimi nitakuwa na kopo mfukoni. Ila Mama anahitaji kumwona mtoto wake mlangoni, si mimi na pasta tu.

Niambie, likizo utapata lini? Unaweza kupanda basi Alhamisi usiku? Una namba ya yule nesi wa zahanati, tumwulize mtu akikaa wiki ngapi bila dawa ya presha inakuwa hatari? Nani alimnunulia Mama ile simu kubwa, wewe au Katana? Na Katana anajua kuhusu mbuzi? Na siku ile ya maziko, ulinisikia nikiitikia? Nijibu hilo hata kama mengine utayaacha.

Wako,
Mama Baraka